Siku Nne za Kujieleza: Filamu za Australia Sokoni Kwao

Nchini Australia filamu mpya huanza kuoneshwa siku ya Alhamisi. Kufikia Jumapili usiku watu wameshanunua tiketi zao, na Jumatatu asubuhi hesabu za wikendi ziko mezani kwa wenye majumba ya sinema na kwa wasambazaji. Siku hiyohiyo simu zinapigwa: nani abaki na skrini yake, nani apunguziwe maonesho, nani aondoke kabisa ifikapo Alhamisi nyingine. Filamu ambayo prodyuza wake ameihangaikia kwa miaka inapewa siku nne za kujieleza. Filamu kubwa ya Marekani nayo hupita kwenye mchujo huohuo, lakini yenyewe imetanguliwa na matangazo ya miezi, mabasi yaliyobandikwa picha, vikombe vya soda vyenye sura ya shujaa, na siku ya kwanza inafunguliwa kwenye mamia ya skrini nchi nzima.

Nimefanya kazi ya zamu za jioni kwenye jumba la sinema la skrini nyingi, magharibi mwa Melbourne. Nimekagua tiketi, nimefagia bisi, nimebadilisha mabango kwenye fremu za ukumbini. Bango la filamu ya nchi yenyewe mara nyingi lilitufikia zikiwa zimebaki siku chache tu, fremu nzuri za mlangoni zimeshachukuliwa zamani, basi likatundikwa kwenye korido ya kwenda vyooni. Wiki ya kwanza filamu ilipewa saa moja usiku. Wiki ya pili ilibakiwa na saa nne na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, saa ambazo mwenye ajira yuko kazini. Wiki ya tatu haikuwepo kwenye ratiba. Na ilikuwa wiki hiyo ya tatu ndipo watu walipoanza kufika kaunta wakiiulizia, kwa sababu shemeji yao aliiona, au mtangazaji wa redio aliisifu asubuhi wakiwa kwenye foleni ya magari. Wengine walikuwa wametoka mbali, Melton au Bacchus Marsh. Tukawaambia imeshaondoka.

Australia inajua kutengeneza filamu, na serikali inalipia kwa moyo mkunjufu utengenezaji wake. Kuuza ndiko kulikoachwa kwa bahati. Tangu mwaka 2008 kuna shirika la umma, Screen Australia, linalosaidia kugharimia miradi. Kuna marejesho ya kodi ya asilimia 40 ya gharama zinazokubalika kwa filamu ya sinema, ilhali kazi ya televisheni hupata asilimia 30. Televisheni za biashara zinabanwa na sheria zioneshe vipindi vya nchini kwa asilimia 55 ya muda kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita usiku. Jumba la sinema halibanwi na kitu. Linaweza kuonesha filamu za Marekani mwaka mzima bila kuvunja sheria yoyote, na lina haki ya kufanya hivyo kwa sababu linaishi kwa viti vilivyojaa na bisi zilizouzwa.

Kwa kawaida filamu za nchini huambulia sehemu ndogo sana ya mapato yote ya tiketi nchini humo. Mwaka 2014 zilipata asilimia 2.4, kama dola milioni 26 za Australia. Mwaka uliofuata, 2015, zikapanda hadi asilimia 7.2, dola milioni 88. Watu walifurahi wakasema sinema ya nchi imefufuka. Mimi nikiangalia orodha ya mwaka ule naona kitu kingine. Mbali na Mad Max: Fury Road, ambayo ilikuwa na nguvu ya studio ya Marekani nyuma yake, kulikuwa na Paper Planes, iliyotolewa Januari katikati ya likizo ndefu ya shule, wazazi wakitafuta pa kuwapeleka watoto mchana wa joto. Kulikuwa na Last Cab to Darwin, kuhusu dereva teksi mgonjwa anayevuka nchi kwenda kufa kwa hiari yake, iliyowalenga wastaafu ambao wana nafasi ya kwenda sinema Jumanne saa nne asubuhi. Kulikuwa na Oddball, ya mbwa anayelinda pengwini. Kila moja ilijua mteja wake ni nani na yuko wapi saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi ya usambazaji, na kwenye hotuba za utamaduni huisikii ikitajwa.

Hebu tupige hesabu ya tiketi moja, maana hapa ndipo wengi hupotea. Chukua tiketi ya dola 22. Dola 2 ni kodi ya serikali. Zinabaki 20. Tuseme kwa wastani wa muda wote wa maonesho jumba la sinema linabaki na 12 na msambazaji anapata 8. Msambazaji naye anakata kamisheni yake, tuseme asilimia 30, kisha anajilipa gharama zote alizotumia kuitangaza filamu: trela, mabango, matangazo ya mtandaoni, nauli za waigizaji kwenda kuhojiwa. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachoanza kurudi kwa waliotoa mtaji. Sasa filamu ikiuza tiketi za dola milioni moja nzima, magazeti yatasema imefanya vizuri. Kwa mfano wetu, baada ya kodi msambazaji anapata kama 364,000. Anakata kamisheni ya 109,000. Zinabaki 255,000. Kama alitumia 300,000 kuitangaza, bado kuna deni la dola 45,000 na aliyeitengeneza hajaona hata senti. Msambazaji naye hajaiba. Amebeba hatari, kapoteza usingizi, na pengine mwezi huo ana filamu nyingine tatu zenye hali hiyohiyo. Ukishaielewa hesabu hii utaelewa kwa nini wasambazaji wadogo wanaogopa kutumia pesa za matangazo, na kwa nini filamu isiyotangazwa hufa, na kwa nini ikifa kila mtu anasema Waaustralia hawapendi filamu zao.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba nchi hii ilianza vizuri upande huuhuu wa kuuza. The Story of the Kelly Gang, inayotambuliwa kuwa filamu ya kwanza duniani ya hadithi ndefu, iliyozidi saa nzima, ilioneshwa kwa mara ya kwanza Melbourne tarehe 26 Desemba 1906, kwenye ukumbi wa Athenaeum. Ilitoka mikononi mwa familia ya Tait, na hao walikuwa watu wa maonesho: waandaaji wa matamasha ya muziki, wauzaji wa tiketi kwa taaluma. Walijua namna ya kukodi ukumbi, kubandika matangazo, na kuchagua hadithi ambayo kila mtu anaifahamu. Ned Kelly, jambazi aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880, alikuwa bado anabishaniwa mezani kwenye kila nyumba. Nyuma ya pazia waliweka watu wa kupiga milio ya risasi na kwato za farasi. Mwaka 1907 wakuu wa jimbo la Victoria waliipiga marufuku Benalla na Wangaratta, miji ya eneo ambako Kelly mwenyewe aliwahi kutamba, na marufuku hiyo ikazidi kuipa jina. Filamu ilizunguka Australia, ikaenda New Zealand na Uingereza. Mtayarishaji, msambazaji na mpiga debe walikuwa watu walewale.

Mambo yaligeuka upesi. Mwaka 1913 kampuni kubwa za usambazaji na za majumba ya sinema ziliungana, zikawa dude moja ambalo watu wa fani waliliita Kombaini. Lilikuwa na majumba, lilikuwa na haki za filamu za ng'ambo, na filamu za Marekani zilikuja kwa mafungu: ukitaka ile yenye nyota mkubwa, chukua na zile nyingine kumi usizozijua. Mwenye ukumbi aliyejaza ratiba yake ya mwaka mzima kwa namna hiyo hakuwa na Alhamisi ya kumpa mwongozaji wa Sydney, hata angempenda vipi. Mwaka 1927 serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza biashara hiyo. Ilisikiliza mashahidi nchi nzima, ikaandika mapendekezo, na mengi hayakutekelezwa. Mwaka 1935 jimbo la New South Wales lilipitisha sheria ya mgao kwa filamu za nchini, nayo haikusimamiwa. Kufikia miaka ya 1960 filamu ndefu za Waaustralia wenyewe zilikuwa karibu zimekauka, hadi serikali ilipoanza kutoa fedha mwaka 1970.

Fedha hizo zilirudisha uhai, na baada yake ikaja Mad Max ya mwaka 1979. George Miller alikuwa daktari wa hospitali. Yeye na Byron Kennedy waliitengeneza kwa dola zisizofika nusu milioni, bila fedha za serikali, na dunia nzima ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 za Marekani. Kwa miaka mingi ilishikilia rekodi ya filamu yenye faida kubwa kuliko mtaji wake. Lakini Marekani penyewe ilienda kwa unyonge. Msambazaji wa kule aliamua kwamba Wamarekani hawataelewa lafudhi ya Waaustralia, akafuta sauti za waigizaji, ya Mel Gibson ikiwemo, akaweka za Wamarekani. Ilipokuja sehemu ya pili, Warner Bros. waliona ya kwanza haijulikani kule, wakaipa jina jipya kabisa, The Road Warrior, na kuiuza kana kwamba haina ndugu. Safari hii ilikubalika. Namheshimu aliyefanya uamuzi huo wa jina, kwa sababu alimtazama mteja wake alivyo. Yule wa sauti nadhani alimdharau mteja.

Kisha kuna Crocodile Dundee, na hapa naomba tukae kidogo. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tuliiona kwenye vibanda umiza, kanda ya VHS imenakiliwa hadi rangi zimechuja, tukicheka yule bwana mwenye kofia iliyopambwa kwa meno ya mamba anapotoa kisu kikubwa mbele ya vibaka wa New York. Hatukujua kwamba tunatazama mojawapo ya kazi bora za masoko katika historia ya sinema. Paul Hogan alikuwa mchekeshaji maarufu wa televisheni nchini kwake. Kuanzia mwaka 1984 alionekana kwenye matangazo ya utalii yaliyorushwa Marekani, akiwakaribisha watu Australia kwa nyama choma ya baharini na tabasamu. Matangazo yalilipiwa na shirika la utalii. Kwa hiyo filamu ilipofika Marekani Septemba 1986, sura ya mhusika mkuu ilikuwa imeshaingia sebuleni kwa mamilioni ya watu kwa miaka miwili, na hakuna senti ya bajeti ya filamu iliyotumika kuifikisha huko.

Kwa upande wa fedha, filamu ilichangiwa na wawekezaji wapatao 1,400 kupitia unafuu wa kodi ulioitwa 10BA, kwa gharama isiyofika dola milioni 10. Hogan na mwenzake John Cornell hawakuuza haki mapema kwa bei ya njaa. Walisubiri filamu ikamilike, wakaizoa Australia kwanza, karibu dola milioni 48, ndipo wakaenda mezani na Paramount wakiwa na hesabu mkononi. Kule Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 170 na kushika nafasi ya pili mwaka huo nyuma ya Top Gun. Hata jina lilifanyiwa kazi: neno Crocodile liliwekewa alama za kunukuu kwenye mabango ya Marekani, mtu asije akadhani ni filamu ya mamba. Ilipunguzwa kidogo pia, ili iende kasi kwa watazamaji wa kule. Huo ni uangalizi wa mtu anayekaa chini na kujiuliza, yule aliye Ohio ambaye hanijui, nini kitamfanya atoe pochi yake?

Mwaka 2008 walijaribu tena njia hiyo. Filamu ya Baz Luhrmann iliyoitwa kwa jina la nchi yenyewe, Australia, ilisindikizwa na kampeni kubwa ya shirika la utalii, na matangazo yake yakatengenezwa na kampuni ya Luhrmann mwenyewe. Nyumbani ilifanya vizuri sana, zaidi ya dola milioni 37, lakini Marekani haikufika hata dola milioni 50. Nadhani tofauti ni mtu. Wamarekani walikuwa wamempenda Hogan kwanza, nchi ikafuata nyuma yake. Safari hii waliombwa waipende nchi moja kwa moja.

Luhrmann huyohuyo alianza kwa shida ambayo kila kijana wa fani anapaswa kuisikia. Strictly Ballroom, filamu yake ya kwanza, ya wacheza dansi wanaokataa hatua zilizozoeleka, ilikuwa imeshakamilika na ina mahali pa kuoneshwa. Mwenye majumba ya sinema akaja kuitazama, hakuipenda, akajitoa. Luhrmann amesimulia mara nyingi jinsi walivyobaki mikono mitupu. Mmoja wa waanzilishi wa mradi, Ted Albert, alikuwa ameshafariki hata kabla ya upigaji picha, na mjane wake ndiye aliyekubali uendelee. Mwigizaji Pat Thomson naye alifariki kabla haijatoka. Kisha tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, likawapa nafasi ya usiku wa manane, Mei 1992. Watu walisimama wakapiga makofi hadi wenyewe wakashangaa, na asubuhi yake wanunuzi wakawa wanagombea haki. Nyumbani ilisambazwa na Ronin Films, kampuni ndogo ya Canberra, na ikapata zaidi ya dola milioni 20.

Filamu haikubadilika hata fremu moja kati ya siku ile mwenye majumba alipoikataa na usiku ule wa Cannes. Walibadilika watu waliokaa kwenye viti. Na mtindo huu wa Waaustralia kungoja wageni waisifu kazi yao ndipo waithamini haujaisha hadi leo. The Babadook ya Jennifer Kent ilitoka Australia Mei 2014 kwenye skrini zipatazo 13 tu, ikaambulia kama robo milioni ya dola. Uingereza ilipofika, wikendi yake ya kwanza peke yake ilizidi mapato yote ya Australia. William Friedkin, aliyeongoza The Exorcist, alijitokeza kuimwagia sifa hadharani. Baadaye ikapata tuzo ya filamu bora ya Australia kwa kugawana na filamu nyingine, lakini kwenye majumba ya kwao ilikuwa imeshaondolewa kitambo. Filamu ya kutisha, yenye mama mmoja, mtoto mmoja na kitabu, ilipelekwa kwenye majumba madogo ya wapenda sanaa kana kwamba ni tamthilia nzito, na vijana wanaopenda kutishwa Ijumaa usiku hawakuambiwa kwamba ipo.

Waliokuwa wakitumwatumwa kwenye seti ile ni mapacha wawili wa Adelaide, Danny na Michael Philippou. Walikuwa na chaneli yao ya YouTube, RackaRacka, wakarusha video za vurugu na vichekesho hadi wakapata wafuasi mamilioni. Walipokuja kutengeneza Talk to Me pamoja na watayarishaji walewale wa The Babadook, kampuni ya Causeway, walianzia tamasha la Adelaide mwaka 2022, wakaenda tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2023, na kampuni ya A24 ya hukohuko ikainunua. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 4.5 za Marekani. Dunia nzima iliingiza zaidi ya dola milioni 90. Julai ile ilipotoka nilikuwa zamu. Ukumbi ulijaa vijana wa miaka kumi na nane, ishirini, wengi wao nisiowahi kuwaona wakinunua tiketi ya filamu ya nchi yao. Walikuja wakiwa wanawafahamu waongozaji kwa majina. Miaka kumi ya kuwachekesha bure mtandaoni ilikuwa imeshafanya kazi ambayo bajeti yoyote ya matangazo isingeweza kuifanya kwa wiki mbili.

Kuna upande mwingine wa kuuza ambao unaniuma. Mtu anayenunua haki ya filamu ananunua pia uwezo wa kuamua sura ya nani iwekwe mbele. The Sapphires ya Wayne Blair, ya mwaka 2012, inahusu wanawake wanne Waaborijini wanaokwenda Vietnam mwaka 1968 kuwaimbia wanajeshi. Imetokana na maisha ya kweli. Mmoja wa waandishi wake, Tony Briggs, ni mtoto wa mmoja wa waimbaji wenyewe. Australia iliipenda, ikaingiza zaidi ya dola milioni 14, na mabango ya nyumbani yaliwaweka wanawake hao mbele, waking'aa. Mwaka 2013 DVD ikatolewa Marekani. Kwenye jalada, aliyejaa mbele kwa rangi zake kamili alikuwa Chris O'Dowd, mzungu anayecheza kama meneja wao. Wanawake wanne walisogezwa nyuma, wamepakwa rangi ya samawati, hata ngozi zao huzioni. Itazame picha ile ukijua hadithi inahusu nini. Wanawake wale wa kweli, waliokuwa wameshazeeka, waliandika barua kulalamika. O'Dowd mwenyewe alilipinga jalada lile hadharani. Kampuni ya DVD ikaomba radhi. Najua mtu aliyelibuni alidhani anafanya biashara, kwamba mteja wa dukani atamtambua O'Dowd kutoka filamu nyingine. Lakini kule Australia watu walikuwa wamejaza kumbi kwa ajili ya wanawake walewale. Ushahidi ulikuwepo, hakuusoma.

Miaka kumi na mmoja kabla yake, Rabbit-Proof Fence ya Phillip Noyce ilipata bahati tofauti. Inasimulia wasichana watatu walionyang'anywa mama zao na serikali mwaka 1931, wakatoroka na kutembea wakifuata uzio wa kuzuia sungura kuelekea kwao Jigalong. Bango la Marekani liliwauliza wazazi wangefanya nini kama serikali ingemteka binti yao. Waziri mmoja wa Australia alikasirika, akataka watengenezaji waombe radhi. Mimi naona bango lile lilisema ukweli wa filamu kwa sentensi moja, kwa mama yeyote wa popote.

Januari 2021 ilitupa jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Janga la korona lilikuwa limezifungia Marekani filamu zake kubwa, na Australia, ambako maambukizi yalikuwa machache, majumba ya sinema yalikuwa wazi na hayana cha kuonesha. The Dry ya Robert Connolly, yenye mwigizaji Eric Bana, ilikuwa itoke Agosti 2020 ikaahirishwa. Ikatoka tarehe 1 Januari. Ikapewa saa nzuri, skrini kubwa, na wiki nyingi, kwa sababu hakuna aliyekuwa akizihitaji. Iliingiza zaidi ya dola milioni 20. Mwendelezo wake ulipangwa Agosti 2023, ukasogezwa hadi Februari 2024 kwa sababu ya mgomo wa waigizaji wa Marekani. Bana asingeweza kuzunguka kuitangaza, na msambazaji alijua kuitoa bila yeye ni kuitupa. Hao wanajua kazi yao.

Ninachokitaka ni kitu cha kawaida kabisa. Fedha ya umma inayokwenda kwenye filamu iwe na fungu lililotengwa mapema, kabla kamera haijawashwa, kwa ajili ya kuitoa: mtu wa masoko akae na mwandishi tangu rasimu, aulize nani atakuja na atakuja siku gani. Majumba yanayokubali kuishikilia filamu ya nchini kwa wiki tatu kamili, na onesho moja la jioni kila siku, yafidiwe kwa viti vitakavyobaki wazi. Wiki tatu zinatosha habari kumfikia mtu wa Bacchus Marsh. Na masharti ya yale marejesho ya asilimia 40, yanayotaka filamu iwe imetengenezwa kwa ajili ya majumba ya sinema, yaangalie pia imetolewaje. Kuifungua kwenye skrini nne kwa siku saba ili karatasi zikamilike hakumsaidii mwongozaji wala mlipakodi.

Na kuna watazamaji ambao hakuna anayewahesabu. Jioni moja ya likizo mama mmoja Mkongo, amekuja na wajukuu kuona katuni ya Marekani, alisimama mbele ya bango kwenye ile korido ya vyooni. Alinisikia naongea Kiswahili kwenye simu. "Mwanangu," akaniuliza, "hii filme ni ya hapa hapa?" Nikamwambia ndiyo, mama, ni ya hapa, imepigwa mwendo wa saa mbili tu kutoka hapa. Akashangaa kwamba kuna filamu za hapa. Ameishi Melbourne miaka mingi, ana uraia, watoto wake wamesoma hapa.

Familia zinazoongea Kiswahili kutoka Kongo na Burundi ziko Melbourne, Brisbane, Adelaide, Perth, hadi Shepparton kwenye mashamba ya matunda. SBS, shirika la umma la utangazaji, ina idhaa ya Kiswahili yenye wasikilizaji waaminifu. Kuna makanisa yanayojaa kila Jumapili, na makundi ya WhatsApp ambayo tangazo la msiba au la harusi hufika kila nyumba ndani ya saa moja. Msambazaji mwenye filamu ya familia anaweza kurekodi sauti ya nusu dakika kwa Kiswahili, akaomba dakika tano kwenye redio, akapanga onesho la Jumamosi saa nane mchana kwa bei ya kifamilia. Gharama yake ni ndogo kuliko bango moja la kituo cha basi. Hali ni hiyohiyo kwa Wasudani Kusini, Wasomali, Wavietnamu wa Footscray. Kama kuna msambazaji anayesoma hapa kwa msaada wa mtoto wa jirani, niko tayari kuirekodi hiyo sauti, na nambari za viongozi wa makundi ninazo.